Wizi wa pikipiki mipakani, na wakati wa kununua pikipiki yenye nguvu zaidi

Na Mwandishi Wetu

Mfanyabiashara au msafirishaji anayetumia pikipiki mpakani huwa na maswali mawili makubwa. La kwanza ni namna ya kuzuia pikipiki yake isiibwe. La pili ni lini aachane na pikipiki ya cc 100 au 125 anunue ya cc 150, ili apande milima na kubeba mzigo bila kusumbuka. Maswali haya huulizwa kana kwamba hayahusiani. Mada yetu ya leo inaeleza kwamba yanahusiana sana, na kwamba anayejibu la pili kabla ya la kwanza anaweza kujikuta analipa deni la pikipiki ambayo hana.

Biashara hii yenyewe ilizaliwa mpakani. Jina bodaboda lilianzia Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960, wakati vijana walipokuwa wakiwavusha abiria na mizigo kwa baiskeli kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi nyingine. Pikipiki zilikuja baadaye. Kwa upande wa Kenya ziliongezeka kwa kasi baada ya serikali kuondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zisizozidi cc 250 mwaka 2008. Tanzania nayo ilitoa kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji mwaka 2010. Leo hii kuanzia Sirari hadi Tunduma, na kutoka Malaba hadi Mutukula, pikipiki ndiyo inayobeba mahindi, vitunguu, soda, sabuni na abiria wa kila siku.

Zilipoongezeka pikipiki, waliongezeka na wezi wake.

Kwa nini mpakani wizi una faida

Mwizi haibi pikipiki ili aiendeshe. Anaiba ili aiuze, ama nzima ama vipande vipande. Mpaka unamsaidia katika njia zote mbili, kwa sababu zifuatazo.

Kwanza, pikipiki zinazotumika ni zilezile katika nchi zote jirani. Bajaj Boxer na TVS zimejaa Kenya, Uganda na Tanzania. Tangi, taa, injini au rimu iliyotoka kwenye pikipiki ya Namanga inaingia kwenye pikipiki ya Arusha au ya Kajiado bila fundi kuhangaika. Aina inayopendwa na wengi ndiyo pia yenye soko kubwa la spea, na kwa hiyo ndiyo inayomvutia mwizi.

Pili, kila nchi ina daftari lake la usajili. Namba za Tanzania zinazoanza na MC ziko kwenye mfumo wa TRA. Namba za Kenya zinazoanza na KM ziko chini ya NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Askari wa barabarani upande mmoja akisimamisha pikipiki yenye namba za upande wa pili, hana njia rahisi ya kujua papo hapo kama imeibwa jana.

Tatu, kuna njia za panya. Vituo vya pamoja vya mpakani vimeboreshwa, kikiwemo cha Busia kilichozinduliwa rasmi Februari 2018 na cha Namanga kilichozinduliwa Desemba mwaka huohuo. Lakini pikipiki haihitaji barabara ya lami. Inapita katikati ya shamba, inavuka kijito, na kwa dakika chache iko nchi nyingine.

Jinsi pikipiki zinavyoibwa

Ukiwasikiliza madereva vijiweni, mbinu za wezi zinajirudia. Ukizijua utaona ulinzi gani unafaa kwa ipi.

Njia ya kwanza ni kuibwa ikiwa imeegeshwa, yaani sokoni, nje ya nyumba ya kulala wageni, ofisi za forodha au nyumbani usiku. Kufuli ya usukani iliyokuja na pikipiki huvunjwa kwa kuukata usukani kwa nguvu upande mmoja. Swichi ya ufunguo huunganishwa waya na injini inawaka. Kazi hii ni ya dakika moja au mbili kwa aliyeizoea.

Njia ya pili ni abiria bandia. Anakodi safari ya mbali, mara nyingi jioni, na bei anayotaja ni nzuri kupita kawaida. Njiani anaomba msimame ajisaidie, na wenzake wako kichakani. Madereva wengi wamejeruhiwa na wengine kupoteza maisha kwa njia hii. Wengine hupewa soda au chakula chenye dawa, wanazinduka pikipiki haipo.

Njia ya tatu ni mtu wa karibu. Dereva wa muda, yaani deiwaka, anapewa pikipiki kwa nusu siku na harudi. Au fundi anachonga ufunguo wa pili. Au dereva mwenyewe anakula njama na wezi kisha anamwambia tajiri kwamba amevamiwa.

Njia ya nne ni wizi wa karatasi. Pikipiki inauzwa kwa kadi ya kughushi, au inauzwa na mtu ambaye hajamaliza kulipa mkopo na kadi halisi iko kwa mkopeshaji. Mnunuzi analipa fedha taslimu, na baada ya miezi miwili mwenye mali anaidai.

Wizi unachukua pikipiki, hauchukui deni

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi kwa msomaji wetu. Pikipiki nyingi za mpakani hazikununuliwa kwa fedha taslimu. Ziko kwenye mkopo wa benki, wa SACCOS au wa kampuni, au ziko kwa mkataba ambapo dereva anapeleka hesabu kwa tajiri kila siku hadi amalize na pikipiki iwe yake.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme umechukua pikipiki ya cc 150 ambayo kwa mkopo, pamoja na riba, inafika shilingi za Tanzania 3,600,000. Umetoa 600,000 mwanzoni. Zinabaki 3,000,000, ambazo unalipa 250,000 kila mwezi kwa miezi 12. Mwezi wa nne, baada ya kulipa mara tatu, pikipiki inaibwa. Hadi hapo umeshatoa 1,350,000 na zote zimekwenda. Deni lililobaki ni 2,250,000, na aliyekukopesha hajaibiwa kitu. Kwa miezi tisa iliyobaki utatakiwa kupeleka 250,000 zilezile huku ukitembea kwa miguu. Aliyeweka kiwanja au mashine ya kusaga kama dhamana anaweza kukipoteza hicho pia.

Wengi hudhani bima itawaokoa. Bima ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye chombo kuwa nayo ni ya mtu wa tatu, ambayo Tanzania tunaiita bima ndogo. Inamlipa yule uliyemgonga. Pikipiki yako ikiibwa haikulipi hata senti. Vivyo hivyo Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo msafirishaji huikata anapovuka mpaka na ambayo Tanzania inaitumia ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000, ni bima ya madhara kwa watu wengine. Haikulindi dhidi ya wizi. Kinacholipa wizi ni bima kubwa, na hiyo nayo lazima uulize mambo matatu kabla ya kulipia: inalipa wizi uliotokea nje ya nchi? Inalipa kama pikipiki inafanya kazi ya biashara? Inadai uwe umefunga kifaa gani cha ulinzi? Majibu yawe kwenye maandishi.

Walio kwenye mkataba wa tajiri na dereva nao waandike mapema nani anabeba hasara pikipiki ikiibwa kazini, na nani ikiibwa nyumbani. Mkataba wa mdomo huwa mzuri hadi siku ya tatizo.

Ulinzi wa tabaka kwa tabaka

Hakuna kifaa kimoja kinachozuia kila aina ya wizi. Kinachosaidia ni kuweka vizuizi kadhaa ili mwizi achelewe, aonekane au ashindwe kuuza.

Kizuizi cha kumchelewesha ni mnyororo mzito wenye kufuli nzuri, unaopita ndani ya rimu na fremu na kufungwa kwenye nguzo au chuma kilichozikwa kwenye zege. Mnyororo unaofunga gurudumu peke yake hausaidii sana, maana wezi wawili huinua pikipiki nzima na kuipakia kwenye gari. Pikipiki yenye breki ya diski huwekewa pia kufuli ndogo ya diski. Swichi ya siri inayokata umeme wa injini, iliyofungwa na fundi unayemwamini mahali pasipoonekana, humchanganya yule anayeunganisha waya.

Kizuizi cha kumfanya aonekane ni kengele, taa, na mahali pa kuegesha. Mkiwa watano kwenye kijiwe kimoja, kumlipa mlinzi mmoja wa usiku ni nafuu kuliko kila mtu kulaza pikipiki nje ya dirisha lake.

Kifaa cha kufuatilia pikipiki kwa setilaiti kinahitaji maelezo zaidi, kwa sababu wasafirishaji wa mpakani wanauziwa kifaa ambacho kinashindwa pale pale kinapohitajika. Kifaa hiki kinajua kilipo kwa kupokea ishara za setilaiti, lakini kinakutumia taarifa kupitia laini ya simu iliyo ndani yake. Laini ikiwa haijafunguliwa kutumika nje ya nchi, pikipiki ikishavuka mpaka kifaa kinanyamaza. Ramani yako itakuonyesha pikipiki imesimama mita chache kabla ya mpaka, na wewe utaitafuta hapo wakati iko kilomita 80 mbele. Ni kweli kwamba Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana mwaka 2014 kupunguza gharama za simu zinazovuka mipaka yao. Hata hivyo, nafuu ya maongezi haimaanishi kwamba laini ya kifaa chako imefunguliwa kutuma data. Kabla ya kulipa, vuka mpaka na muuzaji akiwa anakuangalia kwenye ramani. Kikinyamaza, mwambie afungue laini au usinunue.

Vilevile hakikisha kifaa kina betri yake ndogo ya akiba, na kinakutumia ujumbe waya wake unapokatwa. Kama kina uwezo wa kuzima injini kwa simu, kitumie pale tu kifaa kinapokuonyesha pikipiki imesimama. Ukizima injini ya pikipiki iliyo kwenye mwendo unaweza kumuua mtu, naye anaweza kuwa dereva wako aliyetekwa.

Kizuizi cha kumshinda kuuza ni alama. Chonga namba yako ya siri au namba ya usajili kwenye fremu, rimu zote mbili, shokapu, kifuniko cha injini na chini ya tangi. Mwizi anaweza kusaga namba ya chesisi, lakini kusaga alama sehemu nane kunamharibia mali.

Kuhusu abiria bandia, ulinzi ni utaratibu wa kijiwe. Safari ya usiku au ya kuvuka mpaka iandikwe: jina la abiria, namba yake ya simu na anakokwenda. Piga picha ya abiria na uitume kwenye kundi la simu la kijiwe mbele ya macho yake. Mwenye nia njema hatakasirika. Na ukivamiwa, waachie pikipiki. Pikipiki hutengenezwa kiwandani kila siku.

Lini unahitaji pikipiki yenye nguvu zaidi

Sasa tuje kwenye swali la pili. Boxer ya cc 100 ina nguvu za farasi 8 hivi, na ile ya 150 ina kama 12. Tofauti hiyo ni ya kweli, na kuna njia ambazo 100 haitoshi. Lakini kabla ya kusema pikipiki imekuwa ndogo, hakikisha si mgonjwa. Kichujio cha hewa kilichoziba, cheni iliyokaza mno, breki inayoshika, upepo mdogo kwenye matairi, valvu zisizopimwa na klachi inayoteleza, kila kimoja kinakula nguvu. Ikitoa moshi wa bluu inaunguza oili, na hapo tatizo ni ringi na pistoni. Kipimo cha nguvu ya mbano ya injini kwa fundi ni gharama ndogo sana ukilinganisha na mkopo wa mwaka mzima.

Jambo la pili ni meno ya sproketi. Tuseme sproketi ya mbele ina meno 14 na ya nyuma 42, yaani mbele inazunguka mara 3 kwa kila mzunguko mmoja wa tairi. Ukifunga ya nyuma yenye meno 45, uwiano unakuwa 3.2, na pikipiki inavuta kwa nguvu zaidi kwa kama asilimia 7. Kasi ya juu inapungua kwa kiasi hichohicho, lakini anayepanda mlima na magunia haihitaji. Madereva wengi wa milimani wamemaliza tatizo lao kwa seti ya cheni tu.

Baada ya hayo, dalili kwamba nguvu kweli haitoshi ni hizi:

1. Kwa mzigo wako wa kawaida, si wa siku moja ya gulio, unapanda kwa gia ya pili kwa dakika nyingi mfululizo, kila siku.

2. Klachi na ringi zinaisha mapema na kurudiarudia, ingawa oili inabadilishwa kwa wakati.

3. Injini inachemka hadi unalazimika kupumzika njiani, na muda huo unakugharimu safari.

4. Unakataa kazi zenye malipo mazuri kwa sababu ya njia au umbali, na kazi hizo zipo kila wiki.

Mwinuko wa nchi nao uhesabiwe. Injini isiyosukumiwa hewa hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda juu ya usawa wa bahari, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Kyela, karibu na mpaka wa Malawi, iko kama mita 500. Mbeya iko karibu mita 1,700. Anayetoka Kasumulu na mzigo kwenda Mbeya anapanda zaidi ya kilomita moja kwenda juu huku injini ikidhoofika njiani. Zile nguvu 8 zinabaki kama 6.6 na zile 12 zinabaki kama 10. Hali ni hiyohiyo kwa wa Kitale, ambako ni karibu mita 1,900, wanaokwenda Suam. Wa Busia, ambako ardhi haina milima mikubwa, sababu yake ya kutaka 150 lazima iwe nyingine.

Tahadhari moja: injini kubwa haifanyi fremu, rimu na breki kuwa kubwa kwa kiwango kilekile. Uzito ulioruhusiwa na kiwanda unamhesabu na dereva. Kama shida yako ni wingi wa mzigo kuliko mlima, basi unachohitaji ni guta, au kushirikiana wawili watatu kukodi kirikuu. Kupakia mishikaki au magunia manne juu ya 150 ni kuhamisha hatari kutoka kwenye injini kwenda kwenye breki.

Hesabu ya kupanda daraja

Turudi kwenye mfano wetu wa mkopo wa 250,000 kwa mwezi. Tuseme sasa unafanya kilomita 120 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Pikipiki ya 100 inayokwenda kilomita 55 kwa lita inatumia lita 2.2 hivi kwa siku. Ya 150 inayokwenda kilomita 42 kwa lita inatumia karibu 2.9. Kwa mwezi tofauti ni kama lita 17 na nusu. Tukikadiria lita kwa 3,000, hiyo ni 52,500. Ongeza 20,000 za tofauti ya spea na matairi. Ongeza 45,000 za ulinzi, yaani sehemu ya mwezi ya bima kubwa, laini ya kifaa na mchango wa mlinzi. Jumla ya gharama mpya ni 117,500 kabla hujagusa mkopo.

Kama nguvu mpya inakupa safari moja zaidi kwa siku, inayobakiza 10,000 baada ya mafuta yake, hiyo ni 260,000 kwa mwezi. Toa 117,500, unabaki na 142,500. Rejesho ni 250,000. Umepungukiwa 107,500, ambazo zitatoka kwenye chakula cha nyumbani au mtaji wa bidhaa. Kama inakupa safari mbili zaidi, unapata 520,000, na baada ya gharama na rejesho unabaki na 152,500. Hapo kupanda daraja kuna maana. Weka namba zako mwenyewe, lakini usifute mstari wa ulinzi ili hesabu ikubali. Huo ndio mstari ambao wengi huufuta.

Halafu fanya jaribio la mwezi wa nne. Jiulize: pikipiki hii ikiibwa mwezi wa nne, nani atalipa lile deni la 2,250,000? Kama jibu ni bima kubwa iliyoandikwa, endelea. Kama ni akiba uliyonayo, fikiria mara mbili. Kama huna jibu, bado hujawa tayari, hata kama mlima ni mrefu. Tumia miezi hiyo kutunza pikipiki uliyonayo, kubadilisha sproketi na kukuza malipo ya mwanzo ili mkopo uwe mdogo. Na pikipiki ya zamani usiikabidhi kwa bei ya kutupa. Ikiwa nzima, ndiyo itakayokuweka kazini siku ile mpya ikiwa kwa fundi, au ikiwa imeibwa.

Ukinunua iliyotumika, usinunue ya wizi

Anayetaka nguvu zaidi kwa bei ndogo hukimbilia pikipiki iliyotumika, na mpakani daima kuna mtu mwenye 150 ya bei ya ajabu kutoka ng'ambo. Kabla ya kutoa fedha, angalia yafuatayo.

Namba ya chesisi ina tarakimu na herufi 17. Haina herufi I, O wala Q. Ukiziona, namba hiyo imegongwa na mtu. Bajaj zilizotengenezwa India huanza na MD2 na TVS huanza na MD6. Namba ya pikipiki iliyotengenezwa China huanza na herufi L. Pikipiki iliyoandikwa Boxer yenye chesisi inayoanza na L ina maswali ya kujibu. Pitisha kidole juu ya namba. Mahali paliposagwa na kupakwa rangi upya hapalingani na pa kiwandani.

Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye kadi, ambayo Wakenya huiita logbuku. Kisha hakiki kadi yenyewe kwenye mamlaka ya usajili ya nchi husika, si kwa rafiki wa muuzaji. Malipo ya mwisho yafanyike baada ya umiliki kuhamishwa kuja jina lako. Kama pikipiki ina namba za nchi nyingine, dai karatasi za forodha. Pikipiki iliyoingia kwa kibali cha muda haikuja kuuzwa, na isiyo na karatasi yoyote inaweza kutaifishwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, hata kama wewe ulinunua kwa nia njema.

Sheria hiyohiyo inagusa pikipiki yako halali inayobeba bidhaa za magendo kwenye njia ya panya, kwani chombo kilichobeba magendo nacho hukamatwa. Kwa anayelipa mkopo, kukamatwa huko hakuna tofauti na kuibiwa, na hakuna bima inayolipa. Bidhaa zinazozalishwa Afrika Mashariki zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani zina utaratibu rahisi wa cheti cha asili kituoni hapo hapo. Ni foleni, lakini ni nafuu kuliko pikipiki.

Ikiibwa, saa za kwanza

Toa taarifa polisi mara moja na usiondoke bila namba ya taarifa. Tanzania ni RB, Kenya ni OB na Uganda ni namba ya SD. Wape namba ya usajili, ya chesisi na ya injini. Kwa hiyo uwe na picha ya kadi na picha za pikipiki kwenye simu yako, na nakala nyingine kwa mtu wa nyumbani, maana simu nayo huibwa pamoja na pikipiki. Waarifu kijiwe chako na vijiwe vya upande wa pili wa mpaka. Madereva ndio walinzi wa kwanza wa njia za panya, na vyama vya pande mbili vinavyobadilishana namba za simu huwahi kuliko barua.

Mjulishe aliyekukopesha na kampuni ya bima siku hiyohiyo, kwani bima nyingi zina muda maalumu wa kutoa taarifa. Kama kuna dalili kwamba pikipiki imevuka, waombe polisi wapitishe taarifa kwenye ofisi ya Interpol ya nchi yako. Kila nchi mwanachama ina ofisi hiyo, na Interpol ina kanzidata ya vyombo vilivyoibwa ambayo askari wa nchi nyingine wanaweza kuikagua kwa namba ya chesisi. Hata ukiiona kwenye ramani, usivuke peke yako kwenda kuidai. Nenda kituo cha polisi cha upande huo na karatasi zako.

Ndugu msomaji, anayeuza pikipiki atakueleza habari za nguvu, na mwenye mkopo atakueleza habari za rejesho. Habari za mwezi wa nne utajieleza mwenyewe. Chukua karatasi leo, andika namba ya chesisi yako, andika kilomita zako na safari zako, kisha nenda kaulize bei ya bima kubwa kabla hujauliza bei ya 150.